Mcheza Ugenini

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii ilizaliwa uwanjani, lakini si uwanja wa mpira, ilizaliwa katika uwanja wa ngoma. Mtu akicheza ngoma ya kwao, mbele ya jamaa na majirani zake, watazamaji hawamwachi hivi hivi. Mmoja huinuka akambandika fedha katika paji la uso, mwingine akamvika kanga mabegani, na hayo ndiyo matunzo. Aliyecheza ugenini, hata akiwapita wenyeji kwa ufundi, aghalabu alirudi na jasho lake tu, maana hapakuwa na mtu wa kusema, "Yule ni mtoto wetu."

Katika lugha yetu neno kucheza ni moja, kwa ngoma na kwa mpira. Lakini katika mpira wa miguu wa zama hizi methali hiyo imepinduliwa juu chini. Anayecheza kwao hupata kidogo, na anayecheza ugenini ndiye anayetunzwa. Amezuka mchezaji wa namna mpya, ambaye kazi yake ni safari: leo yuko nchi hii, baada ya miaka miwili yuko nchi ile, kila mahali akivaa jezi ya rangi nyingine na kushangiliwa kwa lugha nyingine. Vijana wengi katika madarasa yetu wanatamani maisha hayo. Kwa hiyo yafaa tujiulize, kabla hawajafunga mizigo: mtu wa namna hiyo ni wa nani? Je, ni mfanyakazi huru, au ni bidhaa ipitayo sokoni kutoka mkono hadi mkono? Na je, mwenye kubadili jezi mara nyingi anaweza kuitwa mwaminifu?

Tutazame mfano mmoja unaojulikana na kila mpenda michezo nchini. Mbwana Samatta alianza katika klabu ya African Lyon ya Dar es Salaam, akaenda Simba, na mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, katika Kongo. Huko alikaa hadi mwanzo wa mwaka 2016. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, naye alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria. Januari 2016 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wachezao ndani ya bara, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji. Akiwa na Genk alitwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na Novemba mwaka huo akawafunga Liverpool kwa kichwa katika uwanja wao wa Anfield. Januari 2020 alikwenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Septemba mwaka huohuo alikuwa tayari Uturuki, katika klabu ya Fenerbahçe. Kutoka huko alirudishwa Ubelgiji mara mbili kwa mkopo, kwanza Antwerp, kisha Genk ileile. Mwaka 2023 alikwenda PAOK ya Ugiriki, akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2024, na mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Ukihesabu, utapata nchi saba na klabu tisa.

Sasa tusikilize maneno tunayoyatumia tunapoisimulia safari kama hiyo. Tunasema, "Ameuzwa Ubelgiji." Tunasema, "Waingereza wamemnunua." Tunasema, "Waturuki wamemwazimisha kwa Wabelgiji." Hayo ni maneno ya vitu. Jembe huazimwa, mbuzi hununuliwa, gunia la karafuu huuzwa. Mtu anayeishi kwa kalamu hawezi kuyapita maneno hayo kama apitavyo mawe njiani, kwa sababu neno likizoeleka mdomoni hujenga nyumba akilini.

Na kwetu sisi neno kuuzwa si jepesi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ulioridhiwa na Sultani Barghash, na mahali pale, Mkunazini, pakajengwa kanisa ambalo lipo hadi leo. Wako miongoni mwetu ambao babu wa babu zao walitembezwa kutoka bara hadi Bagamoyo wakiwa na minyororo shingoni. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, kusema kwamba kijana wetu "ameuzwa," tena kusema kwa shangwe, ni jambo linalotaka kufikiriwa.

Nini hasa kilimfanya mtumwa awe mtumwa? Si kwamba alifanya kazi ngumu, maana mkulima huru naye hufanya kazi ngumu. Wala si kwamba alitolewa kwao, maana mfanyabiashara naye hutoka kwao. Naona mambo matatu. La kwanza, hakuulizwa. La pili, hakuwa na siku ya mwisho. Utumwa wake haukuwa na tarehe ya kuisha, na aghalabu uliwapitia watoto wake. La tatu, bei yake na matunda ya kazi yake yote yalikwenda kwa mwingine. Mchezaji wa leo huulizwa, na hakuna uhamisho usio na saini yake. Mkataba wake una mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Naye hulipwa. Kinachouzwa, basi, si mtu, bali ni muda wa kazi yake. Na fedha zinazopita kati ya klabu na klabu ni fidia ya kuukatisha mkataba kabla ya siku zake. Kwa hesabu hiyo neno kuuzwa ni neno la uongo.

Lakini tusifanye haraka kujipongeza. Mambo hayo matatu hayakuota yenyewe kama uyoga. Nchini Uingereza, hadi mwanzo wa mwaka 1961, mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya paundi 20 kwa wiki, hata kama watu elfu sitini walilipa kiingilio kuja kumtazama. Baya zaidi, mkataba wake ulipokwisha, klabu iliweza kumshikilia na kumzuia asicheze kwingine, hata bila kumlipa. Mchezaji mmoja, George Eastham wa Newcastle United, aliikataa hali hiyo mwaka 1960. Aligoma, akaenda kufanya kazi nyingine nje ya mpira, na hatimaye klabu ikamwachia aende Arsenal. Hata hivyo hakuridhika kwamba yeye ameokoka. Alikwenda mahakamani kwa ajili ya wenzake pia. Mwaka 1963 Jaji Wilberforce aliamua kwamba utaratibu ule wa kumshikilia mtu ulikuwa kizuizi kisicho halali cha haki yake ya kufanya kazi. Jaji huyo alikuwa wa ukoo wa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa ya Waingereza, iliyopigwa marufuku mwaka 1807. Historia ina mizaha yake, na mingine ina mafunzo.

Hata hivyo katika nchi nyingine za Ulaya kazi ilikuwa bado. Mwaka 1990 mkataba wa Jean-Marc Bosman na klabu ya Liège, katika Ubelgiji, ulikwisha. Klabu ilitaka abaki kwa robo ya mshahara wake wa zamani. Klabu ya Dunkerque ya Ufaransa ilimtaka, lakini bila makubaliano ya malipo baina ya klabu hizo mbili hakuweza kuondoka. Alishtaki. Hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoka tarehe 15 Desemba 1995, nayo ilisema kwamba mchezaji raia wa nchi za umoja huo ambaye mkataba wake umekwisha yu huru kwenda nchi nyingine ya umoja bila klabu yake kudai malipo. Wachezaji waliokuja baada yake walitajirika kwa hukumu hiyo. Bosman mwenyewe aliambulia kidogo, kwa sababu miaka yake mizuri ya kucheza ilikuwa imekwisha katika kungoja. Kijana wetu alipofika Ubelgiji mwaka 2016, aliingia katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umefunguliwa na mtu aliyebaki nje.

Basi uhuru wa mchezaji ni kitu kilichopiganiwa, na kilichopiganiwa kinaweza kupotea. Tena kuna jambo ambalo sheria peke yake haiwezi kulimaliza. Wazee wetu waliwajua manamba. Hao ni wale waliotoka Kigoma, Songea, Iringa, na hata Burundi, kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro wakati wa ukoloni. Hawakuwa watumwa. Walitia dole gumba katika mkataba, mkataba ulikuwa na mwisho, na kila aliyejaza kipande chake cha siku 30 alipata ujira. Lakini kwa nini walikwenda? Wengi walikwenda kwa sababu serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kwao hapakuwa na njia ya kuipata fedha hiyo. Na wakishafika, sheria ilimhesabu mwenye kuuvunja mkataba kuwa mhalifu. Jina lao lenyewe lasema hali yao: waliitwa kwa namba. Dole gumba la mtu mwenye kodi shingoni ni dole la mtu huru kwa nusu tu.

Mchezaji naye hubeba namba mgongoni, lakini juu ya namba hiyo limeandikwa jina lake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ionekanavyo. Namba hupokezwa: leo ni yako, mwakani ni ya mwenzako. Jina halipokezwi. Mtu anapokwenda ugenini na kukubali kuwa namba tu, yaani mabao kadhaa, bei kadhaa, miaka kadhaa, amerudi katika mashamba ya mkonge hata kama analala katika kitanda cha hariri.

Hatari hiyo ni kubwa kwa wale ambao hawajawa na jina. Wamekuwapo vijana wa Afrika waliochukuliwa na mawakala wa uongo. Familia ziliuza shamba na ng'ombe ili kulipa nauli na "ada," na kijana akaachwa katika mji wa baridi, bila klabu, bila karatasi, na bila ujasiri wa kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa ajili hiyo mwaka 2001 FIFA iliweka kanuni ya kuzuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya umri wa miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi hodari wa mpira hana budi kuijua kanuni hiyo kama anavyoijua kanuni ya kuotea.

Nageukia swali la pili, la uaminifu. Baadhi ya watu hudai kwamba mchezaji wa klabu tisa hawezi kupenda klabu yoyote. Kwamba huyo ni kama mtu aoaye na kuacha, aoaye na kuacha. Shutuma hiyo ina uzito, lakini naona imejengwa juu ya mfano usiofaa. Klabu si mke. Aidha klabu yenyewe haikuahidi kumpenda hadi kifo. Tukumbuke mwaka ule wa 2020. Tarehe 1 Machi, katika uwanja wa Wembley, Samatta aliifungia Aston Villa bao katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa ilishindwa kwa mabao 2 kwa 1, lakini bao lile lilimtoa Mtanzania mbele ya macho ya dunia. Wiki hiyohiyo jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wote. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, ligi ikasimama hadi Juni, na msimu ulipokwisha alikuwa na bao 1 katika mechi 14 za ligi. Septemba akaambiwa njia ya Uturuki. Ni nani hapa aliyekuwa mwepesi wa kuacha?

Mfano ulio bora tunao karibu zaidi. Mwalimu wa serikali hupangiwa Newala; baada ya miaka minne hupelekwa Kasulu; kisha Mpwapwa. Watumishi wengi wa umma wa rika langu wameishi hivyo, masanduku yao yakizeeka kabla yao. Hakuna aliyewaita wasaliti wa Newala kwa sababu walifundisha Kasulu. Aliyeitwa mbaya ni yule ambaye mwili wake ulikuwa Kasulu na moyo wake ukabaki katika barua ya uhamisho, darasa likakosa haki yake. Uaminifu wa mwalimu hatuupimi kwa miaka aliyokaa. Twaupima kwa kipindi cha leo: je, alikitayarisha, je, alikifundisha? Vivyo hivyo mchezaji. Deni lake kwa watu wa Genk, au wa Thessaloniki, au wa Le Havre, ni kuwapa mechi yao yote, dakika 90 pasipo kuiba hata moja, maadamu anavaa jezi yao. Akitimiza hayo, yu mwaminifu, hata akivaa jezi ishirini.

Ushahidi wa uaminifu wa namna hiyo hauko katika kubusu nembo mbele ya kamera. Uko katika kurudi. Klabu ya Genk ilipompokea tena mwaka 2022, miaka miwili na zaidi baada ya kuondoka, ilikuwa inamjua tayari alivyo mazoezini, na katika chumba cha kubadilishia nguo. Mtu huweza kumdanganya mwenyeji anapofika mara ya kwanza. Kukaribishwa mara ya pili hakupatikani kwa udanganyifu. Mgeni anayeitwa tena alikuwa mgeni mwema.

Tena tuangalie alikopita. Lubumbashi ni mji wa shaba, na watu wake huzungumza Kiswahili cha namna yao. Genk ulikuwa mji wa makaa ya mawe, ambako walikusanyika wachimbaji kutoka Italia, Uturuki, Ugiriki na Morocco, na klabu yake ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa kwa klabu mbili za vitongoji vya migodi, Winterslag na Waterschei. Katika miji kama hiyo watu hawashangai kumwona mgeni aliyekuja kuuza nguvu zake. Babu zao walifanya hivyo. Humwuliza jambo moja tu, kama anafanya kazi. Mchezaji wa safari nyingi ni jamaa wa ukoo huo mkubwa wa wafanyakazi waliotoka kwao, na hana sababu ya kuuonea haya.

Limebaki swali la tatu, nalo latuhusu sisi tuliobaki. Mchezaji huyu ana deni gani kwa kwao, nasi tuna deni gani kwake? Katika jezi zote alizovaa ipo moja ambayo hakuna klabu iliyoitolea fidia. Jezi ya taifa haina bei ya uhamisho. Samatta alikuwa nahodha wa Taifa Stars ilipokwenda Misri mwaka 2019, mara ya kwanza kwa Tanzania kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu Lagos mwaka 1980. Walifungwa mechi zote tatu, na katika mechi ya Kenya, iliyokwisha kwa mabao 3 kwa 2, yeye alifunga bao moja. Palepale, katika kushindwa, ndipo maana ya jezi hiyo ilipoonekana. Klabu ikishindwa hutafuta mchezaji mwingine, na mchezaji hutafuta klabu nyingine. Taifa likishindwa haliendi sokoni kutafuta wana wengine.

Wahenga hao hao walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Wengi huitumia methali hii kumfunga mtu kwao, kana kwamba asili ni kijiji na mtumwa ni kila aliyepanda meli. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Watumwa walionunuliwa Unguja hawakuacha asili. Walinyang'anywa, na wengi waliibeba ndani, katika ngoma na katika lugha, hadi waliko wajukuu wao sasa. Anayeacha asili ni yule anayesahau kwamba yeye ana jina kabla ya kuwa na bei. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa mtumwa hapa hapa Kariakoo, bila kuvuka hata mto Msimbazi. Na mwingine aweza kupita nchi saba akabaki muungwana.

Lakini muungwana wa ugenini anahitaji wenyeji wanaomkumbuka vema. Sisi nasi tuna tabia ya kumhesabu kama wanavyomhesabu wanunuzi. Akifunga, ni "mtoto wetu", akikaa benchi, ni "ameisha." Ndugu humpima kwa fedha alizotuma, washabiki kwa mabao, na magazeti kwa bei. Tukifanya hivyo tumeihamishia soko nyumbani, na tumemnyima kile kimoja ambacho ugenini hakipatikani. Kutunza, katika methali ile, hakukuwa mshahara. Ile noti iliyobandikwa usoni ilisema, "Tumekuona, na u wetu." Mcheza ugenini hulipwa, matunzo ya namna hiyo hungoja kwao.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzetu katika jambo dogo na jambo kubwa. Dogo ni la maneno: tuwazoeze vijana kusema kwamba mchezaji "amesajiliwa," au "amehamia," nasi tuliache neno kuuzwa kwa karafuu na korosho. Kubwa ni la akili. Mwanafunzi mwenye kipaji cha mpira afundishwe kusoma mkataba sentensi kwa sentensi: mwaka wa mwisho, malipo akiumia, nani anasema kwa niaba yake na kwa sehemu gani ya fedha. Afundishwe kwamba miguu huzeeka kabla ya kichwa, na kwamba mchezaji wa miaka 35 tayari huitwa mzee uwanjani, ilhali katika kazi nyingine ndiyo kwanza anaanza kusikilizwa. Hesabu, lugha na uraia anavyojifunza darasani ndivyo vitakavyomlinda siku atakapokaa mezani, peke yake, mbele ya watu watatu waliovaa suti, na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Siku hiyo hakutakuwa na mtazamaji hata mmoja wa kumshangilia, na kalamu itakuwa mkononi mwake.